Kifusi Anastaafu Tena, na Safari Hii Buti Zimepimwa

Jumamosi ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mwanamieleka wetu mkongwe, Kifusi, atastaafu baada ya miaka ishirini na saba ulingoni. Hii ni mara yake ya tatu kustaafu. Kwa hiyo ukiwa umeinua nyusi hapo ulipo, usijisikie vibaya. Sisi wenyewe nyusi zetu hazijashuka tangu alipotangaza.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Kiroboto, mwanamieleka mwepesi kuliko wote hapa ukumbini na mzuri wa sura kuliko wote, na meneja amesoma sentensi hii bila kuifuta. Shule sikuimaliza, lakini mwandiko wangu unasomeka, na kati ya watu wanaovunjiana viti mgongoni ili wale, hiyo ni elimu ya juu. Halafu mimi ndiye mpinzani wake wa mwisho. Matokeo sisemi. Njoo uone mwenyewe.

Kifusi aliingia ukumbini humu akiwa mpanga viti. Siku moja mwanamieleka mmoja aliharisha saa moja kabla ya pambano, na meneja wa zamani akatazama huku na huku akitafuta shingo nene. Akaiona nyuma ya rundo la viti. Mkewe alimshonea vazi la kwanza kwa pazia la sebuleni, jekundu, lenye maua ya dhahabu, na kwa mwezi mzima majirani wakawa wanaona familia hiyo inakula nini. Pambano lenyewe alishindwa kwa dakika tatu. Ila wakati wa kuanguka alimwangukia mpinzani, mpinzani akamwangukia mwamuzi, na wote wawili ikabidi wafukuliwe. Jina la Kifusi likaanzia hapo.

Mkanda wa ubingwa ameuvaa mara nne. Amewafundisha kuanguka wanamieleka kumi na mmoja, nami nikiwemo: kidevu kifuani, mikono ipige turubai kabla ya mgongo, na usimtazame mama yako aliyekaa mstari wa mbele. Mimi amenibeba juu ya kichwa chake zaidi ya mara mia nne akanitua kama trei ya mayai. Katika miaka yote hiyo hakuna mpinzani aliyeumizwa naye. Aliyeumia ni yeye, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Kazi yetu ina ugonjwa wake. Tunalipwa ili tulie kwa maumivu tusiyo nayo, kwa hiyo chumba cha kubadilishia nguo hakimwamini mtu. Mwenzako akisema mgongo unamuuma, unageuka kuangalia kama kuna mashabiki mlangoni. Akikohoa, unamwambia apunguze. Tunaishi hivyo, na kwa kweli tunacheka sana.

Kifusi ugonjwa huo aliupeleka nyumbani. Binti yake alipokuwa mdogo, baba akikosa kikao cha wazazi shuleni, au akisahau kumpitia, alikuwa anarudi anachechemea. Mtoto anakimbia kuleta beseni la maji ya moto, mama anameza maneno yake, na kosa linaisha hapo. Dawa ilifanya kazi mpaka binti alipofika miaka kumi na mmoja. Asubuhi moja alimkanda baba yake mguu muda wote wa chai, mchana akaletwa ukumbini na shangazi yake, akamwona baba huyohuyo anaruka kutoka kamba ya juu kama mpira. Beseni likarudi chini ya sinki. Halikutoka tena.

Miaka tisa iliyopita Kifusi alianguka vibaya akavunjika mguu wa kushoto, chini ya goti. Akampigia binti yake simu kutoka wodini. Binti, ambaye sasa ni fundi cherehani na anatumia mashine ya marehemu mama yake, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamuuliza, "Baba, onyesho linaisha saa ngapi?" Hakwenda. Kifusi mwenyewe ndiye anayetusimulia hadithi hii, huku anacheka, nasi tulikuwa tunacheka naye.

Basi tuje kwenye kustaafu. Hapa kwetu anayestaafu anavua buti katikati ya ulingo, anatoka peku, na buti zinafungiwa kwenye kabati la vioo kwenye korido. Kifusi alistaafu mara ya kwanza miaka sita iliyopita. Kabati likafungwa kwa heshima zote, na ufunguo akakabidhiwa yeye kama kumbukumbu. Ndiyo. Sisi ndio tuliompa. Baada ya miezi minne alikuja asubuhi, akafungua, akavaa. Mara ya pili tukajifanya wajanja, ufunguo akakaa nao meneja. Mwaka mmoja baadaye Kifusi akarudi na buti zake miguuni, na zile za kabatini zikiwa palepale. Tulizitoa tukakuta ni saizi nane, alizibadilisha kabla kabati halijafungwa. Kifusi anavaa kumi na moja.

Ndiyo maana alipotangaza mara ya tatu, hatukupiga makofi. Tulianza upelelezi, na mpelelezi mkuu, kwa kipaji tu, nikawa mimi.

Wiki mbili zilizopita nilimwona anaingia kwa fundi viatu wa nyuma ya kituo cha mafuta. Nikasema tumemkamata: anashonesha buti mpya, za zamani atuachie kabatini. Nikasubiri atoke, nikaingia. Fundi ni mzee wa miwani anayeongea na misumari midomoni. Akaniuliza mimi ni nani yake Kifusi. Nikamwambia ni mpinzani wake.

"Basi mpinzani gani hujui mguu wa mwenzako?" akasema. "Wa kushoto ulipona ukabaki mfupi. Mwaka wa tisa huu nampandishia kisigino cha ndani. Nyie mnafanya naye kazi au mnapishana barabarani?"

Akanionyesha viatu alivyokuwa anashona. Havikuwa buti. Ni viatu vya kawaida, vya ngozi ya kahawia, vya kamba, cha kushoto kimepandishwa kisigino. Kifusi alimwambia ni vya kuvaa akimpeleka mjukuu shule. Kumbe ukimwona wima ulingoni ni kwa sababu ya buti. Akizivua, huku koridoni, akiwa na ndala zake, anachechemea. Na mimi, kwa miaka mitatu, nilikuwa namfuata nyuma koridoni nikiigiza mchechemeo wake. Niliuigiza vizuri sana, msinielewe vibaya. Ukumbi mzima ulikuwa unashika mbavu. Yeye alikuwa anageuka, ananiangalia, anacheka, na kuniambia niinamishe bega zaidi.

Siku hiyo nilirudi kwenye chumba cha kubadilishia, nikaingiza mkono kwenye buti ya kushoto, halafu ya kulia. Nikakaa kwenye benchi kidogo.

Kisha nikaiba buti zote mbili. Hili nalikiri hapa kwa maandishi ili meneja aache kumhoji mfagiaji. Nilizipeleka kwa binti yake, kwa sababu kila mtu hapa anajua shida iko wapi. Kifusi ameomba chumba cha uani kwa binti yake, akae huko, awe anampeleka mjukuu shule na kumrudisha. Daktari wa mifupa amesema mguu si kitu, shingo ndiyo haitavumilia anguko lingine baya. Na binti amekataa kutoa chumba.

Nilimkuta kwenye mashine. Hakuinua kichwa.

"Amekutuma?"

"Hajanituma, dada. Hajui hata kama niko huku."

"Kazi yenu si kutumana? Mwanangu amzoee babu, amsubiri kila asubuhi na begi mgongoni, halafu siku moja babu arudi kuruka kamba avunjike shingo. Nimwambie nini mtoto? Kwamba na hilo lilikuwa onyesho?"

Niliweka buti mezani, juu ya kitambaa cha watu. Akaniangalia kwa jicho la kutaka kunipiga pasi. Nikamwomba aingize mkono. Akauingiza kwenye buti ya kushoto, kisha ya kulia. Akavua futi shingoni, akapima kisigino cha ndani cha buti ya kushoto, akapima cha kulia, akarudia cha kushoto.

"Sentimita mbili na nusu," akasema. Mashine ilikuwa imesimama. "Tangu lini?"

"Fundi anasema mwaka wa tisa."

Akaiweka ile buti mapajani. Halafu akauliza swali moja tu, na kwa swali hilo nikajua ni mtoto wa Kifusi kweli: "Ufunguo wa hilo kabati anao nani?"

Kwa hiyo utaratibu wa Jumamosi ni huu. Kifusi atapigana na mimi. Atavua buti ulingoni, nimeshazirudisha, na yeyote mwenye shaka anaruhusiwa kupanda na kuingiza mkono, fundi viatu atakuwepo kuthibitisha. Atavaa viatu vya kahawia. Tumemwambia atoke kwa mlango wa watazamaji, ambao hajawahi kuutumia kwa miaka ishirini na saba, kwa sababu binti yake ameomba kiti karibu na mlango huo. Hajaahidi chumba. Amesema atakuja na mtoto, na kwamba anataka kumwona baba yake anatembea.

Kifusi, asante kwa kila mara uliponibeba ukanitua mzima. Koridoni sitakuigiza tena, na ukinikuta naigiza nitupe kweli. Wenzako wote wa ukumbi tunakuombea asubuhi nyingi za kushika mkono mdogo na begi zito, na shingo yako ibaki ilipo.

Kabati litafungwa saa kumi na mbili jioni. Ufunguo ni mmoja, na atakabidhiwa binti yake. Meneja alimwomba binti akubali uchongwe wa akiba ubaki ofisini. Akamjibu kwamba hapana, yeye anatujua.