Dobi wa Penye Joto na Siku Yake ya Kuzaliwa

Wafiwa, majirani, na nyinyi mliovuka barabara kwa miguu kuja kutusindikizia mtu wetu, poleni sana. Desturi ya wasifu ni kuanza na tarehe ya kuzaliwa. Huu utaanza na mwaka tu, na tarehe itakuja mahali pake, kwa sababu mpaka juzi hapakuwa na mtu katika ukoo mzima aliyeijua, na fundi wa kibao cha kaburi alikuwa amekaa na patasi mkononi akitusubiri.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Dobi na sisi wa nyumbani tulimwita Shangazi, alizaliwa mwaka 1958. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mchonga mawe na mama mshonaji. Kaka yake, baba wa huyu anayewasomea, alikuwa na miaka sita siku hiyo. Anachokumbuka ni kwamba mvua ilikuwa inanyesha, akapelekwa kwa jirani, akapewa sukari alambe asilie. Utamu wa sukari anao mdomoni mpaka leo, tarehe hana. Mama yao alifariki marehemu akiwa na miaka minne, na baba yao hakuwa mtu wa kuweka kumbukumbu za watoto. Tangu hapo marehemu alilelewa kwa zamu: mara kwa mama mkubwa, mara kwa shangazi, mara kwa mke wa baba mdogo. Alikuwa akisema alijua kukunja nguo kabla hajajua kusoma, maana hakuambiwa mapema lini atahamishwa. Alilisema kwa kicheko na watu wakacheka naye. Lakini hata uzeeni chumba chake hakikuwa na kabati, nguo zake zilikaa zimekunjwa juu ya kiti karibu na mlango.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966. Mwalimu wa kuandikisha alimuuliza amezaliwa lini, naye akamtazama tu. Mwalimu akamwandikia tarehe mosi Januari, kama alivyowaandikia wote waliokuja bila mtu mzima wa kuwasemea. Darasani walikuwa kundi zima la mosi Januari, na wenzao wakawabandika jina la watoto wa karani. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, hodari wa hesabu na mgumu wa kushindwa kwa maneno. Masomo yaliishia hapo kwa kuwa hakuna nyumba kati ya zile za zamu iliyoona kwamba zamu yake inafika mpaka sekondari. Ile mosi Januari ikamfuata kwenye kitambulisho na kwenye kila karatasi ya kazi, na aliichukia kama kiatu cha kurithi kinachobana vidole.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, na hapo ndipo alipopata jina. Alianza kwa kukamua, akapanda kwenye kupiga pasi, na mwaka 1990 akawa mkuu wa zamu. Nyuma ya chumba kile kuna tanuri la kuchemshia maji, na ukuta wake wa nje huwa na joto mchana na usiku. Vijana waliokuwa hawana pa kulala walilijua joto hilo kabla ya mtu yeyote hospitalini. Walilala wamebana mgongo ukutani, wamejipanga kama mikate, na asubuhi mlinzi aliwaamsha kwa ndoo ya maji. Dobi aliyaona haya kwa muda. Kisha siku moja akamwambia mlinzi, "Baba, hayo maji unayomwaga nimeyachemsha mimi. Kama yamezidi nirudishie."

Alikwenda kwa msimamizi wa hospitali kuomba stoo ya vitanda vibovu iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Msimamizi alimuuliza, "Kwani wewe ni dobi au ni ustawi wa jamii?" Akajibu, "Ni dobi, mzee. Na dobi hatupi nguo kwa sababu ina doa." Alipewa stoo kwa miezi mitatu. Ile miezi mitatu haijaisha hadi leo. Mwaka 1996 yeye, mwalimu mmoja mstaafu na muuza mkaa wa jirani waliiandikisha kama shirika la kijamii, wakaiita Penye Joto. Kazi yake mnaijua wenyewe: kitanda, chakula, kutafuta ndugu kama wapo na kama wanafaa, kusindikiza mtu kituoni au shuleni, kumtafutia fundi atakayemfunza kazi bila kumpiga.

Mtu akifika pale mara ya kwanza hakuulizwa katoka wapi wala kafanya nini. Dobi alimuuliza, "Siku yako ya kuzaliwa lini?" Asiyejua alipewa wiki nzima ya kuifikiria, kisha aichague mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kumchagulia mwenzake. Tarehe zote zilikuwa halali isipokuwa mosi Januari. "Hiyo ya makarani," alisema. "Wewe hukuzaliwa na karani." Na siku ya mtu ikifika, maji ya moto ya kuoga yalikuwa yake kwanza, kazi za nyumba hakugusa, na kitanda chake kilitandikwa shuka iliyotoka kwenye pasi wakati huo huo, alale ikiwa bado ina joto. Kuna mjanja mmoja aliyechagua keshokutwa ili aifaidi haraka. Akaifaidi. Mwezi uliofuata akaja kuomba abadilishe. Dobi akamwambia, "Mtu hazaliwi mara mbili kwa mwaka, labda kama ya kwanza hukuridhika nayo."

Mjanja huyo huyo aliwahi kuiba pasi ya nyumba akaenda kuiuza. Siku ya tatu akarudi nayo. Alieleza kwamba mnunuzi alimtaka aonyeshe kama inafanya kazi, naye akajikuta ananyoosha shati la mnunuzi, kola, mikono, mgongo, mpaka likaisha, na aibu ikamshika katikati. Leo ni fundi seremala tunayemwita Msumari, na kibao cha kaburi kimetoka mikononi mwake.

Marehemu aliolewa mwaka 1984 na dereva wa malori ya masafa. Waliishi kwa kuheshimiana, na Mungu hakuwajalia mtoto. Penye Joto ilipoanza, mume aliporudi kutoka safari alikuta nyumba tupu, chakula kimefunikwa, mke yuko ng'ambo ya barabara. Akasema, "Nimeoa mtu ambaye hata nikiwa nyumbani namsubiri." Walitengana mwaka 1997 bila ugomvi. Mzee yuko nasi leo, amekaa nyuma, na tunamshukuru kwa kuja.

Tungependa kuwaambia kwamba mtu aliyelea watu wengi hivyo hakuwahi kuwa mpweke. Haitakuwa kweli. Kazi ile ukiifanya vizuri unaachwa. Kijana akishasimama hana hamu ya kurudi mahali alipokuwa amelala chini, na Dobi ndiye aliyewafundisha hivyo. "Ukiniona uko na watu wako," aliwaambia wakati wa kuwaaga, "si lazima unisalimie. Mimi nitaelewa." Walimtii. Aliwahi kwenda benki akahudumiwa na mtu aliyemlea miaka minne, amevaa tai, wenzake wamemzunguka. Yule akamwambia, "Karibu mteja, nikusaidie nini?" Dobi akasema shida yake, akamshukuru, akatoka. Alipomhadithia kaka yake alisifia tai ilivyonyooshwa. Halafu akasema, "Sasa kaka, nani atanijua?" Sisi ukoo tulikuwa tunaonana naye zaidi misibani kuliko sebuleni. Jioni alikula amesimama jikoni, baada ya wote, kisha akavuka kwenda kulala peke yake.

Na katika nyumba ile ambayo siku ya kuzaliwa ilikuwa jambo kubwa kuliko sikukuu yoyote, ya kwake haikuwahi kufanyika. Vijana walipomuuliza, wa kundi hili aliwaambia, "Imepita, mmechelewa," na wa kundi lile, "Bado, nitawaambia." Makundi yalikuwa yakiondoka na mengine kuja, hivyo kila kundi lilidhani lililotangulia lilishamfanyia. Hakuna aliyewahi kumpa wiki ya kufikiri kama alivyowapa wao.

Mwaka 2021 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Daktari alisema ni moyo, umepanuka. Dobi akasema angalau kuna kitu chake kilichopata nafasi. Alitumia dawa kwa uaminifu, lakini tarehe 22 Aprili 2024 alilazwa katika hospitali ile ile aliyoifulia kwa zaidi ya miaka thelathini. Wauguzi wanasimulia kwamba alishika shuka, akainusa, akasema, "Hii imesuuzwa mara moja." Akaigeuza akaonyesha pindo alilolishona kwa mkono wake. Alilalamika baridi, siyo maumivu.

Anayeiongoza Penye Joto sasa ni dada aliyefika pale akiwa na miaka kumi na mitatu. Tarehe 2 Mei, mchana, alipiga pasi shuka ya nyumbani, akaikunja, akaifunga ndani ya sweta, akavuka nayo barabara mbio. Alimfunika Dobi ikiwa bado ina joto. Dobi alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Aliipapasa ile shuka polepole, akafumbua macho.

"Leo ni ya nani?" akauliza.

Dada anasema alitaka kumjibu kwamba leo si ya mtu, nimekuletea tu uote joto. Badala yake akasikia mdomo wake unasema, "Ni yako, Dobi. Ukiitaka."

Dobi akaivuta shuka mpaka kidevuni, akasema, "Haya."

Alifariki kwa utulivu tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Tulipoanza kupanga mazishi, Msumari alitaka tarehe za kuchonga. Tulimpa ile ya kwenye kitambulisho. Akaweka patasi chini. "Hapana, mzee," alimwambia kaka wa marehemu. "Mosi Januari alinikataza kwa jina langu. Nitaichonga vipi kwa lake?" Kaka yake akajibu kwa uchungu, "Kijana, nyingine sina. Mimi nina sukari tu." Kikao kizima, watu wazima na mvi zao, hakuna aliyeweza kusema dada yao alizaliwa lini. Wengine walishauri nafasi iachwe wazi. Ndipo yule dada wa Penye Joto akasimama akasimulia habari ya shuka. Msumari alimsikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja: "Alisema haya mwenyewe? Hukumsemea?" Akajibiwa kwamba alisema mwenyewe. Mzee wetu akafuta macho, akasema, "Mei huwa kuna mvua. Basi ni hiyo."

Kwa hiyo, ndugu zetu, sasa tunaweza kusoma kama desturi inavyotaka. Marehemu alizaliwa tarehe 2 Mei 1958.

Ameacha kaka mmoja, wifi mmoja, watoto watano wa kaka, wajukuu, na aliyekuwa mume wake. Ameacha walioko Penye Joto leo, ambao wamesimama pale kushoto. Ameacha pia wengine waliokaa katikati yenu kama majirani, kama wateja, kama watu waliopita tu wakaona msiba. Hawa hatuwataji, wala hawalazimiki kusimama. Yeye mwenyewe alishawaruhusu. Ila wajue kwamba mwakani tarehe 2 Mei maji ya kwanza yatachemshwa kwa jina lake na shuka itanyooshwa, na mlango hautauliza mtu alikuwa wapi.

Apumzike kwa amani Dobi wetu, na huko alikofika akute kuna joto, na mtu wa kumwambia leo ni yako.