Maji Yanayowaka Matsangoni

Kijiwe chetu cha Matsangoni kina benchi moja tu, ubao mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, chini ya mabati ya duka la betri la Kambi, kando ya barabara ya Malindi. Anayetaka kujua nani kaoa, nani kaachwa, na kwa nini korosho hazina bei mwaka huu, basi na aje hapo asubuhi, Garama muuza kahawa akishatua dele lake la kahawa chungu. Mchanga ulio chini ya benchi ni wa Farjallah, ambaye wanamwita Hati kwa kuwa hamalizi kikombe bila kuitaja hati ya ardhi ya babu yake. Minazi iliyo nyuma ya duka, na nyumba ya makuti iliyo katikati yake, ni ya Lewa, wanayemwita Madafu. Msishangae. Pwani hii mtu huweza kuwa na mnazi na asiwe na mchanga ulioshika mizizi yake, na watu wakaishi hivyo miaka na miaka, Lewa akimpelekea Farjallah nazi za futari kila Ramadhani, Farjallah naye akimletea Lewa mchele kila Krismasi. Lakini asubuhi moja Lewa alikuja na neno la kumwuliza Farjallah. Kampuni ya kutengeneza gesi ya haidrojeni ilikuwa inalitaka shamba lile lote, na mtu wao alikuwa njiani kuja kumwona mwenye shamba.

— Hebu nielezeni mie kwanza, alisema Farjallah, kofia ameisukuma nyuma kwa furaha. Ati gesi hii inatoka kwenye maji?

— Kwenye maji haya haya, Mzee Hati, alijibu Kambi. Huyu ni Volti kwa wenzake. Pikipiki iliyokufa betri humfikia jioni, asubuhi inaondoka ikiunguruma. Unayapiga stima, alieleza, yanapasuka. Oksijeni inakwenda huku, haidrojeni inakwenda kule. Halafu haidrojeni ukiiwasha inakuwa maji tena. Moshi hakuna. Masizi hakuna.

— Wacha urongo! Maji yawake?

Aliyeropoka ni Njenga, muuza viazi, mtu wa bara aliyeoa hapa na akagoma kurudi kwao.

— Viazi, mimi nakula kwa betri. Unanibishia stima?

— Nabisha! Maji ndiyo yanayozima moto. Tangu lini yakaanza kuuwasha?

Kambi aliingia dukani, akatoka na betri, beseni, nyaya mbili na vijiti vyeusi alivyokuwa amevitoa ndani ya mawe ya tochi. Garama akamkabidhi bilauri kwa shingo upande. Maji yalitoka kisimani, pale pale nyuma ya duka, kati ya minazi ya Lewa. Lewa mwenyewe ndiye aliyeyaleta. Alipokuwa akiyamimina alijiambia, leo namwuliza, namwuliza sasa hivi mbele ya watu: Farjallah, na minazi yangu je? Lakini Farjallah alikuwa ameshainama juu ya beseni, anatabasamu, na neno likarudi lilikotoka.

Kambi akatia chumvi ngumi moja, ili stima ipite vizuri, akalizamisha bilauri likajaa, akaliinua kichwa chini juu ya kijiti kimoja. Alipofunga nyaya kwenye betri na vijiti, mapovu yakaanza. Madogo, meupe, yanapanda mbio.

— Yallah! Yanachemka! alipiga kelele Farjallah.

— Gusa uone. Baridi kabisa.

— Na mbona inanuka jiki? aliuliza Njenga, pua juu. Mwasema nishati safi. Safi gani hii, ya kufulia mashuka?

— Hiyo ni ile chumvi. Kiwandani hawatumii maji ya chumvi namna hii, wanataka maji matamu. Na usinichanganye, Viazi. Haidrojeni ziko namna nyingi. Kuna ya kijani, inayotengenezwa kwa stima ya jua na upepo. Kuna ya kijivu, inayotokana na gesi ya kuchimba ardhini, na hiyo inatoa moshi wake kiwandani kabla hujaiona.

— Gesi ina rangi?

— Haina.

— Basi mnunuzi atajuaje kauziwa ipi?

Kambi akajitetea kwa kuliinua bilauri, kinywa chini, na kumwambia Garama alete kiberiti. Wote walisogea, hata Garama, aliyeacha dele peke yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku ya mazishi. Njiti ikasogezwa.

Pwa!

Njenga aliangukia mgongo, miguu juu. Farjallah akapiga makofi. Na Lewa, Mulungu amsamehe, aliruka kwa shangwe kama wenzake, akasahau kabisa kwamba kitu anachokishangilia ndicho kinachokuja kumng'oa. Alipokumbuka aliona haya, akakaa.

— Nimeona! alisema Njenga akijipangusa mchanga. Nimeamini! Sasa nisikilizeni. Lori likitumia gesi hii, nyuma linatoa nini?

— Matone ya maji, alisema Kambi.

— Basi tatizo la Vitengeni limekwisha! Wale mahindi yao yanakauka kila mwaka. Malori yapitishwe huko, mamia, mchana kutwa, yakidondosha. Mkulima hatazami tena mawingu. Anatazama barabara!

— Lo! alisema Farjallah. Lakini gesi yenyewe haikai hapa, yakhe. Inatiwa melini inakwenda Ulaya. Wataichoma huko, itakuwa mvuke, itakuwa mawingu. Mvua ya Matsangoni itanyesha kwa Wajerumani!

— Basi wairudishe! alifoka Njenga. Chupa ya soda si hurudishwa? Warudishe na maji yetu!

— Nayo ni nyepesi kuliko hewa, aliongeza Kambi, naye sasa kashapandwa na mori. Zamani waliijaza kwenye maputo makubwa, yakabeba abiria.

— Na yakawaka, nimesikia, alisema Njenga.

— Moja liliwaka. Mengine yalifika.

— Basi tulifunge benchi hili! alisema Farjallah, macho yanang'aa. Puto huku, puto kule. Tunaondoka hapa baada ya kahawa, adhuhuri tuko Makka. Njenga tunamshusha njiani.

— Kwa nini nishushwe mimi?

— Viazi vina uzito!

Walicheka mpaka Garama akamwaga kahawa. Ndani ya kicheko hicho Lewa alisema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliisikia vizuri:

— Na minazi yangu je?

Hakuna aliyegeuka. Farjallah alikuwa akionyesha kwa mikono ukubwa wa puto. Lewa aliumia. Alimtazama mtu huyu aliyekua naye, waliotahiriwa msimu mmoja, na kwa mara ya kwanza akamchukia.

Ndipo pikipiki iliposimama. Alishuka msichana aliyevaa kofia ngumu na koti la kumetameta, mkononi ana chupa tupu ya kioo.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Naitwa Emily, nimetoka kwenye kampuni. Nimetumwa kuchukua maji kidogo tukayapime, lakini lazima nipewe ruhusa na mwenyewe. Mwenye mahali hapa ni nani?

— Ni mimi, alisema Farjallah, na kofia akairudisha sawa.

— Minazi ni yangu.

Lewa alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi.

— Lewa, nani kasema si yako? aliuliza Farjallah.

— Umeulizwa mwenye mahali, ukajisema peke yako. Baba yangu kaipanda. Mama yangu kazikwa pale. Asubuhi yote mwenzangu unapaa kwenda Makka, mimi unaniacha wapi? Kwenye hiyo hati yako kuna mnazi hata mmoja?

Ile hati ambayo hakuna asiyejua habari zake, siku hiyo haikutajwa.

Emily aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa kijana, na alionekana anaogopa kukosea.

— Nimeelewa, wazee wangu. Mchanga ni wa mzee huyu. Minazi ni ya mzee huyu. Lakini mimi nimetumwa maji. Maji yaliyo chini ni ya nani?

Kambi alitazama beseni lake. Njenga aliwaza ndoo za mkewe kila alfajiri. Garama alitazama dele, kwa kuwa hajawahi kupika kahawa kwa maji mengine. Farjallah alijua kwamba kisima kile kilichimbwa kwa mikono ya baba yake Lewa. Lewa naye alijua kwamba mawe yaliyokijenga yaliletwa kwa punda wa baba yake Farjallah. Na baba hao wawili, walipomaliza, hawakuambiana ni cha nani. Walikunywa tu, wakaenda zao.

— Mpe mgeni kahawa kwanza, alisema Farjallah mwishowe.

Garama aliliinamisha dele. Halikutoa kitu ila mashapo.

Farjallah akainuka, akaiokota mwenyewe ndoo ya Garama. Watu walishangaa, kwani hawakumbuki kumwona na ndoo.

— Lewa. Twende tukateke.

Wakapita chini ya minazi. Lewa akavuta kamba, Farjallah akashika ukingo, na ndoo ilipofika juu waliipokea pamoja.

— Akiniuliza tena nimwambie nini? aliuliza Farjallah polepole.

— Mwambie hujui. Halafu uniite, tusijue sote.

Farjallah alitikisa kichwa kukubali, akashika upande mmoja wa mpini. Lewa akashika wa pili. Kutoka benchini sauti ya Emily ikawafuata, yenye adabu, ila haikuwa na dalili ya kuchoka:

— Wazee, jibu mmelipata?

— Bado! walijibu wote wawili.