Marehemu Kuramochi Teizo, Aliyeukataa Mshale

Ndugu waombolezaji, mimi Eiji, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia jukumu la kuwasomea maisha yake, nami sitapunguza neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1955 mjini Takaoka, mkoani Toyama, mtoto wa kwanza wa mchuuzi wa dawa wa nyumba kwa nyumba, akahitimu shule ya ufundi mwaka 1973, na mwaka 1982 akaajiriwa Osaka na kampuni ndogo ya michezo ya video, ambako alibuni mchezo wa safari ulioitwa Mlima Ushizu, uliouzwa pamoja na karatasi tupu ya miraba, ili mchezaji apotee kwanza, kisha ajichoree ramani mwenyewe.

Tarehe 3 Novemba 1984 alifunga ndoa na Bi. Shizuno, wakajaliwa binti mmoja, Kanae, aliyekulia katikati ya ramani ambazo watoto wa nchi nzima walimtumia baba yake kwa posta. Ramani moja, ya msichana wa Akita, ilikuwa na chumba ambacho marehemu hakuwahi kukijenga, wenzake wakacheka, yeye akakijenga katika mchezo wa pili, na ndicho kilichopendwa kuliko vyote.

Mwaka 2021 kampuni ilitaka kuutoa Mlima Ushizu upya, ukiwa na mshale wa kumwongoza mchezaji kila hatua, jambo lililohitaji sahihi yake. Walimwita mtu wa kale. Uongo huo naukataa mbele yenu, kwani alikubali herufi kubwa, akakubali mchezaji asimame popote na kuendelea kesho, maana watu wana treni za kuwahi na watoto wa kunyonyesha, ila mshale aliukataa katakata. "Mimi siililii zamani," aliwaambia. "Mkimshika mchezaji mkono hadi mlangoni, kile chumba atakichora nani?"

Tarehe 14 Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, watu wa kampuni wakamfuata na karatasi yao hadi wodini, akala keki walizomletea, sahihi hakutia. Alifariki tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Haki ya mchezo sasa ni ya Kanae. Waheshimiwa wa kampuni mlioketi safu ya tatu, jana mlimuuliza mbele ya jeneza, ubani ukiwaka, naye amenituma niwajibu hadharani: hapana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake wa zamani, hata wale waliombishia.

Kaka Teizo, pumzika kwa amani. Sahihi hawaipati.