Uzito wa Lihanda

Gentrix alikuwa akinakili mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta iliyonunuliwa na serikali, huku mvua ikinong'ona juu ya mabati. Nje ya dirisha lake, wanawake wawili walikuwa kwenye foleni.

"Wanaandikanga tu walio hai," alisema mmoja. "Faili zingine watachoma."

"Wachome, dada. Panya watahama."

"Ya mtoto wangu Lihanda iko na uzito wake, wiki kwa wiki, mpaka ya mwisho. Hakupigwa picha. Nimekuja kuiomba."

Mwenzake akavuta leso kichwani. "Utaambiwa ni mali ya serikali."

"Basi niisome tu."

Saa kumi na moja foleni iliambiwa irudi kesho. Gentrix alipekua rundo la kuchomwa hadi akampata Lihanda, kilo tatu. Akamweka juu ya rundo la kunakiliwa kesho, pamoja na walio hai.