Nyumba ya Mawe na Mabwana Zake

Asubuhi Wadachi wa kampuni walipita na daftari, wakauliza nyumba ile ya mawe ni ya nani, wakaondoka bila jibu. Basi alasiri barazani pake palikuwa na ubishi. Wazee watatu, buli moja la kahawa, na kila mtu anajua kumshinda mwenziwe. Mwishehe walimwita Kadhi, kwa kuhukumu asiyoulizwa. Bwanausi walimwita Hariri, kwa kupenda makuu. Mrisho Chokaa, fundi aliyeijenga nyumba hiyo ujanani, alikuwa akimimina kahawa. Habari za nyumba hiyo zilimchoma.

— Bwana wa kwanza Mmanga, alisema Kadhi. Pembe za ndovu alizilaza hadi kwenye ngazi.

— Akamwuzia Mhindi, akadakia Hariri.

— Wapi! Alishindwa kwenye bao.

— Ghorofa nzima, kwa bao?

— Kwa kete moja. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo yaingiaje hapo?

— Yaingia. Mhindi akamwachia mjane wa Kishihiri, naye mjane akaolewa na jini wa kisimani.

— Kumbe! Basi mwenye nyumba ni jini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wadachi wakamwandike.

Wakacheka hadi kahawa ikawapalia. Mrisho hakucheka.

Mwanamke wa makamo akasimama mbele yao, miguu vumbi tupu, kaniki imempauka.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Watoka wapi?

— Msata. Naitwa Chausiku. Mama yangu yu kitandani, hafi wala haponi, anamwita kaka yangu Pazi. Aliletwa huku kubeba mawe ya nyumba hii, hakurudi. Nimewasikia mkiwataja wenye nyumba. Na waliobeba mawe, je, mnawajua?

Kadhi akatazama kikombe chake. Hariri akajikunjia kanzu. Mabwana wote walikuwa nao ulimini, mbeba mawe hata mmoja hawakuwa naye.

Mrisho alimjua. Ukuta ulimwangukia Pazi asubuhi moja ya ujenzi, wakamkuta keshakata roho. Mmanga akasema kazi isisimame. Mrisho, kwa kuogopa bakora, akamfunika kwa kokoto na chokaa, na juu yake wakajenga baraza. Miaka thelathini amekaa hapo akinywa kahawa na kupiga soga. Haya zilimshika.

— Basi nipumzike kidogo, nikaulize kwingine, akasema Chausiku, akaketi.

— Inuka, dada, akasema Mrisho. Usiende kwingine. Pazi yuko hapo ulipokaa. Chokaa niliimwaga mimi.