Mzee Ingia Tena na Swali Lililomshinda

Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu huu umeandikwa na binti wa pili wa marehemu, naye ndiye anayeusoma. Desturi inataka maisha ya marehemu yasimuliwe kana kwamba msomaji hayumo, kwa hiyo popote atakapotajwa ataitwa "binti wa pili", nanyi mtamvumilia. Ameuandika kwa siku mbili, amesimama jikoni, maana kila alipoketi maneno yalimkimbia.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 3 Novemba 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa fundi wa mabehewa na mke wake mshonaji. Shangazi, ndugu yake pekee aliyebaki, anasema alianza kutembea akiwa na miezi minane na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumkamata. Mama yao alimfunga kamba kwenye mguu wa kiti ili apate kushona, naye siku moja akakiburuta kiti hadi barabarani. Shangazi akimsimulia habari hiyo, marehemu alikuwa akisema, "Nilikuwa nakwenda kutafuta kazi."

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1972. Taarifa zake za shule bado zipo kabatini, na karibu kila mwalimu ameandika jambo lilelile: ana akili, hatulii. Mwaka 1973 na 1974 alisomea uhazili katika darasa lenye wasichana ishirini na sita na yeye. Alijifunza kupiga chapa bila kutazama herufi, na kwa hiyo akapata nafasi ya kutazama dirishani.

Februari 1975 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika kiwanda cha mablanketi. Siku ya kwanza alikuta magunia matatu ya barua za maombi ya kazi ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua. Alizisoma zote kwa miezi minne, kisha akamwendea meneja. "Bosi, humu ndani yumo yule fundi mitambo tunayemtafuta tangu mwaka juzi. Anakaa mtaa wa pili kutoka hapa." Akahamishiwa idara ya utumishi, akadumu huko miaka kumi na mitano. Mwaka 1990 kiwanda kilipunguza watu, naye ndiye aliyepewa kazi ya kupiga chapa barua za kuwaachisha kazi. Barua ya mia mbili na kumi na nne ilikuwa yake. Aliipiga chapa, akaitia saini kwa niaba ya meneja, akajikabidhi, akajishukuru kwa utumishi mwema, akaenda zake.

Mwezi uliofuata alipanga chumba kimoja juu ya duka la vioo, akafungua ofisi ya kuwaunganisha waajiri na watu wa kazi. Makampuni yalimwambia yanataka nani, yeye akawatafuta: wahasibu, madereva, wauguzi, watunza stoo, wapokea wageni. Hakuna aliyetoka pale kwenda kwenye usaili bila kuandaliwa. Alimtoa mtu nje, akafunga mlango, kisha akamwita aingie kama anavyoingia mbele ya wasaili. Akiingia kwa kunyata, "Toka, ingia tena." Akiingia kwa mbwembwe, "Toka, ingia tena." Yupo mhasibu mmoja aliyeingia mara kumi na saba hadi muuza vioo akapanda ngazi kuuliza kama kuna ugomvi. Hivyo ndivyo jina la Mzee Ingia Tena lilivyomganda.

Wengi mliopo hapa mnayajua maagizo yake. Fika nusu saa mapema, lakini usiingie. Zunguka jengo mpaka moyo utulie. Msalimie mlinzi, maana baadaye mlinzi ataulizwa. Usimseme vibaya bosi wako wa zamani, kwa kuwa bosi mpya atajiona yeye. Usiseme unajua kompyuta, sema unaifanyia nini. Usichokijua, sema hukijui, kisha eleza utakitafuta wapi. Yote hayo aliyasema akiwa anatembea, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, mpaka zulia la ofisi likafanya njia.

Alimpata mke wake kwenye usaili vilevile. Ilikuwa mwaka 1982, mama alikuwa ameomba kazi ya stoo pale kiwandani. Wasaili walikuwa watatu, wawili wameketi na mmoja amesimama. Mwishoni wakamwuliza kama ana swali lolote. "Ninalo," mama akasema. "Nyie wenzake mmekaa. Huyu kiti chake kina nini?" Alipata kazi siku hiyohiyo, na tarehe 18 Juni 1983 wakafunga ndoa. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili. Kwa miaka thelathini na minane mama alikula chakula na mtu anayeinuka mara sita kuangalia kama geti limefungwa.

Sasa binti wa pili amefika mahali ambapo wazee wa familia walimshauri aparuke. Wameombwa radhi. Marehemu mwenyewe alifundisha kwamba pengo kwenye wasifu halifichiki, msaili analiona kabla hajaona kitu kingine, na heri ulieleze mwenyewe.

Mwaka 2012 binti wa pili alikuwa amesomea uongozi wa rasilimali watu, kazi ya baba yake, na kwa miaka miwili alikuwa akiishi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kampuni moja ya kusambaza dawa ilitangaza nafasi ya meneja msaidizi wa utumishi, naye akaomba. Kampuni hiyo ilikuwa imemwalika marehemu awe msaili wa tatu, mtu wa nje. Orodha ya waombaji aliipata jioni ya kuamkia usaili, akaliona jina. Utaratibu wa kazi hiyo anaujua hata mtoto: ukimkuta ndugu yako kwenye orodha, unasema, unajitoa. Marehemu aliwafundisha wengine hivyo. Yeye mwenyewe hakusema. Binti alikuwa ameolewa na alitumia jina la mumewe, hakuna ambaye angejua.

Tarehe 11 Aprili, saa nne asubuhi, binti wa pili alifungua mlango akamkuta baba yake amesimama dirishani. Alidhani baba ameshawaambia wenzake. Alijibu maswali yote vizuri, na wasaili wawili walikuwa wakiitikia kwa vichwa kwa kuridhika. Ndipo marehemu akauliza swali lake la siku zote.

"Udhaifu wako ni upi?"

"Nasubiri sana kusifiwa," binti akajibu, akimtazama. "Hasa na watu wasiosifu."

Wale wawili wakacheka, wakampa alama themanini na moja na sabini na tisa. Marehemu akampa arobaini. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine.

Katibu wa kikao ndiye aliyemweleza binti, mwezi mmoja baadaye, kwa nia njema kabisa. "Dada, ulikuwa umeshaipata. Yule mzee wa dirishani ndiye aliyekuangusha." Jumapili ya tarehe 20 Mei, mezani, mbele ya mama na ndugu zake, binti akauliza, "Baba, kwa nini arobaini?"

"Haki ni haki," marehemu akasema.

"Kwani nilijibu vibaya?"

Marehemu akainuka kwenda kuangalia geti. Aliporudi, binti alikuwa ameshachukua mkoba wake. Alihamia mji mwingine na mumewe, akapata kazi huko, akawa anaongea na mama kwa simu tu. Alikuwa na hasira, na hasira ile aliitunza vizuri, hakuacha ipoe hata siku moja.

Yaliyoendelea ofisini binti ameyajua wiki hii tu, kutoka kwa karani aliyefanya kazi na marehemu miaka ishirini na mmoja. Jioni, waombaji wakiisha, marehemu alimweka karani kwenye kiti cha msaili. "Wewe leo ni binti yangu. Niulize." Karani akauliza, "Baba, kwa nini arobaini?" Marehemu akajibu kwamba msaili lazima awe mkali kwa wa kwake. Kesho yake akajibu kwamba soko la ajira ni gumu, alitaka kumkomaza. Siku nyingine akajibu kwamba kalamu iliteleza. Karani, ambaye hajui kumdanganya mtu, alikuwa akitikisa kichwa. "Hapana, mzee. Toka, uingie tena." Na mzee alitoka, akafunga mlango, akaingia tena. Watu elfu mbili na ushee aliwapatia majibu ya kumkabili msaili yeyote, na swali hilo moja likamshinda miaka yote hiyo. Usingizi ulimpungua, akawa anamaliza soli za viatu kila baada ya miezi mitano.

Agosti 2021 miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umepanuka na akamwagiza alale, asitembee. Kwa mtu yule hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko ugonjwa. Tarehe 6 Machi mwaka huu alilazwa hospitali, wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Hata hapo hakutulia. Muuguzi wa zamu alikuwa ameomba cheo cha muuguzi mkuu, na marehemu, akiwa na mpira wa oksijeni puani, alimtoa nje ya pazia na kumwingiza tena mara nne. Cheo amekipata, naye yupo hapa leo, safu ya tatu.

Jumamosi tarehe 19 Machi, saa tisa alasiri, binti wa pili alifika. Alikuwa amelizunguka jengo nusu saa nzima. Marehemu alimwona, akajaribu kusimama, wakamlaza.

"Nimejiandaa," akasema.

"Haya. Kwa nini arobaini, baba?"

Akafungua mdomo. Majibu yote aliyofanyia mazoezi na karani yakampotea, binti aliona kabisa yakipotea.

"Ulijibu kuliko wote," akasema mwishowe. "Ilikuwa yako tisini. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa wakijua watasema nimekubeba. Nikalilinda jina langu, nikakuangusha wewe. Hakuna kingine. Ni hicho tu, na ni kidogo hivyo."

Kitanda cha pili mgonjwa alikuwa akikohoa.

"Una swali lingine?" marehemu akauliza.

"Sina."

"Basi mimi ninalo moja. Jibu langu nitalipata lini?"

Binti wa pili alijua anaombwa nini. Alikuwa nalo mdomoni. Lakini alikuwa amesubiri miaka tisa na miezi kumi kasoro siku moja, na moyo wake mgumu ukamwambia acha naye asubiri usiku mmoja, si mengi.

"Nitakupa kesho, baba."

"Kesho sawa," marehemu akasema, na akatabasamu kama mtu aliyeahidiwa.

Jumapili tarehe 20 Machi 2022, saa tano na dakika kumi asubuhi, moyo wake ulisimama. Binti wa pili alikuwa getini, anaandika jina lake kwenye daftari la wageni, na kalamu ya mlinzi ilikuwa imekauka, wanatafuta nyingine.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada yake mmoja, karani wake, na wote aliowaandaa mpaka wakapata kazi, ambao leo wamejaa uwanja huu hadi nje ya ukuta.

Binti wa pili anaomba kutoa jibu lake hapa, mbele ya mashahidi, kwa kuwa hana pengine pa kulipeleka. Jibu ni ndiyo. Baba amesamehewa. Lilikuwa tayari tangu ile Jumamosi, kabla hajamaliza kushuka ngazi za hospitali, na ngazi zile zilikuwa kumi na mbili tu, angeweza kurudi.

Apumzike, na amani isichelewe kumfikia kama lilivyochelewa jibu hili.