Hodi Ndani ya Handaki la Mashine

Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma habari za dada yangu natanguliza toba, maana siwezi kusimama mbele ya jeneza lake na uongo kifuani: mwaka 2011 nilisema nilichukua ufunguo, kumbe sikuuchukua, na mzee aliyekuwa mtunza ubao wa funguo kule maabara, ambaye namwona ameketi pale karibu na mlango, akafukuzwa kazi kwa kosa langu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, akasoma shule ya msingi hadi 1981, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1992 akahitimu fizikia chuo kikuu. Tarehe 6 Agosti 1994 aliolewa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2004 aliajiriwa maabara, akapewa kazi ya kubuni jaribio ambalo mimi sina elimu ya kulieleza zaidi ya alivyonieleza mwenyewe: chembe nzito za atomi zinasukumwa kwa umeme ndani ya bomba refu lisilo na hewa, sumaku zinazibana ziwe kama uzi, zinagonga kidonge kidogo kuliko punje ya mtama, atomi zilizomo ziungane na kutoa nishati kama ya jua. Mashine hiyo ikiwaka, aliyemo ndani ya handaki linalopitisha bomba hilo hatoki mzima.

Walianza na mashine ndogo huku dada akichora ile kubwa, nami nilikuwa mchomeleaji wa mabomba yake. Kila anayeingia handakini huchukua ufunguo mmoja ubaoni akauvaa shingoni, na mmoja ukikosekana ubaoni mashine haiwaki. Tarehe 9 Juni 2011 niliupita ubao nikijiambia ni dakika tano tu, nikalala chali nyuma ya sumaku ya mwisho; funguo zote zilikuwa mahali pake, mkono wa dada ulikuwa kwenye swichi, moyo ukamkatalia, akaingia akiita hodi, nami kwa mzaha nikaitikia, "Karibu, mama mwenye nyumba!" Aliketi sakafuni, meno yakigongana. Nami, kwa kuogopa kufukuzwa, nikamsingizia mtunza ubao kwamba nilichukua ufunguo nikausahau mezani pake, naye akaurudisha ubaoni bila kuuliza.

Hofu ile haikumtoka tena. Alifuta michoro ya miaka mitatu, akaichora upya mashine kubwa ili handaki lake lisiwe na kona ya kumficha mtu, na kila ile ndogo ilipotaka kuwashwa alitembea mwenyewe akipiga hodi, wenzake wakambandika jina la Mama Hodi, wakimtania, "Leo nani kakukaribisha, sumaku?" naye akijibu, "Siku nikikaribishwa tena, nizoeni sakafuni."

Novemba iliyopita moyo ulianza kumsumbua, tarehe 2 Februari akalazwa, akanishika mkono na kuniuliza mara tatu nani atapiga hodi, na tarehe 11, saa nne asubuhi, Mungu akamchukua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliokaa na mabinti zake, na wafanyakazi wenzake mliombeba leo. Mzee wangu wa ubao, nisamehe. Dada, pumzika sasa kwa amani, zamu yako imekwisha.

Jumatatu mashine kubwa inawashwa kwa mara ya kwanza. Wenzake, nawaomba, hata mkiona funguo zote ziko ubaoni, ingieni kwanza mpige hodi.